Prezida wa Watoto Wanaosahau

Siku ile tuliokuwepo ni hawa. Mimi, nimeketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari magotini. Riziki, mdogo wangu wa mwisho, miaka kumi na moja, kavaa viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, na kimoja si chetu. Bahati, msichana wa miaka kumi na tisa, anayeimba peke yake na kujipigia makofi kila ubeti unapoisha. Daktari kutoka Lilongwe, mama wa Kimalawi mwenye sauti ya chini, aliyetuambia tangu asubuhi kwamba ana siku moja tu na anaweza kupima watoto kumi. Mama Esther, kiongozi wa kwaya. Mama Zaina wa Kindu, muuza vitenge. Papa Deo, kinyozi. Nyuma yao, watu zaidi ya mia ambao hakuna aliyewaalika. Na mbele yetu sote, mikono kiunoni, kitenge kimefungwa juu ya koti la kiume, mama yake Bahati, ambaye kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilimwita Prezida.

Jina lake silitaji kwa sababu alilikataa mwenyewe. "Jina ilikuwa ya baba na mama," alisema. "Bamekufwa. Mi niite kazi yangu."

Kazi yake ilikuwa kuongoza Komite ya Wazazi wa Watoto Walioumizwa na Pombe Tumboni. Jina hilo lilikuwa refu kuliko komite yenyewe, kwa maana mwaka wa kwanza mwanachama alikuwa mmoja, yeye. Alifanya mikutano hata hivyo. Kila Jumatano alipanga viti vitano mbele ya nyumba yake, akaketi kwenye kimoja, akafungua kwa sala, akauliza kama kuna mwenye swali. Siku moja alichelewa kurudi kutoka kwenye mgao wa mahindi, na majirani walimsikia akijikemea mbele ya viti vitupu: "Prezida mwenyewe anachelewa, sasa bale bengine batafanya je?"

Jambo alilolipigania ni hili, na nilieleze kama alivyolieleza yeye. Mama akinywa pombe akiwa na mimba, mtoto anakunywa pia, na yeye hana pa kuitapikia. Ubongo unaumia. Haionekani kama mguu uliovunjika. Mtoto anazaliwa, anacheka, anasema vizuri, wakati mwingine anasema vizuri kuliko wewe. Lakini ukimtuma anasahau njiani. Ukimkanya leo, kesho ni kama hukusema. Hajui saa, hajui hatari, anamwamini kila mtu. Shuleni wanasema ni kiburi, nyumbani wanasema ni shetani, na kote wanachukua fimbo.

Alijifunza hayo kwa nesi mmoja Lilongwe aliyemchorea tumbo la mama kwenye ukurasa wa daftari, mtoto akiwa ndani. Alirudi kambini na ule ukurasa akaubandika mlangoni. Papa Deo alipouona alisimama muda mrefu, akaweka kidole karibu na kitovu cha mtoto, akasema kwa uchungu, "Kwetu ilikuwa hapa." Alidhani ni ramani ya Ziwa Kivu. Prezida hakumcheka. Alimketisha kwenye kiti kimojawapo cha Jumatano akamfundisha kutwa nzima, na hivyo komite ikapata mwanachama wa pili, mseja asiye na mtoto.

Mimi nilikuwa wa tatu, ingawa kwa muda mrefu nilisema nimekuja kuandika tu.

Prezida hakujua kusoma wala kuandika. Mimi nilifika mwaka wa pili wa sekondari, nikaacha mama alipofariki, kwa sababu nilikuwa mkubwa na nyuma yangu kulikuwa na wawili wa kulisha: mdogo wangu Amani, na Riziki aliyekuwa na miaka mitatu. Nilishona nguo, nikalea. Siku moja Prezida alileta sketi ya Bahati nipandishe pindo, akaona nimeandika vipimo kwenye karatasi. Akaishika juu chini.

"Ni we uliandika hii?"

"Ndiyo, mama."

"Toka leo we ni sekreteri."

"Sekreteri wa nini?"

"Utajua ukifika."

Nikashona sketi, nikafika, nikajua. Alikuwa anajua kwa nini ananichagua, na mimi nilikuwa najua kwamba anajua, lakini tulikaa miaka bila kulitaja.

Riziki wetu alikuwa hivi. Unamtuma chumvi, anarudi na mtoto mchanga mgongoni.

"Riziki, chumvi iko wapi?"

"Chumvi gani, Yaya?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Na huyu ni mtoto wa nani?"

"Sijui. Alikuwa analia."

Dakika chache baadaye mwenye mtoto anafika mbio na nusu ya mtaa, na Riziki anawakaribisha wote kwa furaha, anawauliza kama wameshakula. Huwezi kumchukia mtoto kama huyo, lakini unaweza kumpiga, na nilimpiga. Nasema wazi kwa sababu Prezida alitufundisha kusema wazi. Nilimpiga mpaka Prezida aliponishika mkono hewani, akaninong'oneza, "Hakatai. Anasahau. We njo unakumbuka, sasa we njo utafanya kazi." Kwake "njo" ni "ndiye".

Kazi yenyewe ilikuwa kusema jambo moja, kungoja, kisha kusema jingine. Siyo "nenda kisimani uchote maji ukirudi pitia kwa Mama Zaina uchukue sindano." Unasema: "Beba ndoo." Unangoja. "Nenda kisimani." Akirudi, ndipo sindano. Tena unaimba, maana wimbo hauanguki njiani upesi kama maneno. Nyumbani kwetu kulikuwa na wimbo wa kunawa uso, wimbo wa kufunga mlango, na wimbo mrefu wa viatu ambao haukuwahi kufanikiwa.

Ubaya ni kwamba Prezida alitumia njia hiyo kwa kila mtu. Alikwenda ofisini kuomba chumba cha mikutano, akamwambia afisa, "Simama." Akangoja. Afisa, sijui kwa nini, alisimama. "Chukua funguo." Akazichukua. "Twende." Wakaenda. Tulipata chumba siku hiyo hiyo, na yule afisa alionekana jioni akimuuliza mwenzake ni nani aliyetoa ruhusa.

Halafu kulikuwa na jambo la mdomo. Nesi alimwambia kwamba watoto wengine walioumizwa na pombe huwa na alama usoni: kile kijifereji kati ya pua na mdomo kinakuwa bapa, na mdomo wa juu unakuwa mwembamba. Alimwambia pia kwamba wengi hawana alama yoyote, lakini hiyo sehemu ya pili Prezida aliichelewesha kama mwaka mmoja. Kwa huo mwaka mzima hakuna aliyekuwa salama. Ukimwamkia, haangalii macho yako, anaangalia chini ya pua. Mbele ya kanisa, kwenye foleni ya mahindi, kisimani. Aliwahi kumsimamisha mchungaji katikati ya mahubiri ya nje, akainama kumchungulia vizuri, akasema, "Pole, papa. Si kosa yako." Mwezi ule wanaume wa Dzaleka walifuga masharubu kwa wingi, na Papa Deo kinyozi akaja kulalamika kwenye komite kwamba Prezida anamuua njaa.

Alipoelewa kosa lake alilitubu kwa namna yake. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu, "Ile nilisema juu ya mdomo yako, nimeirudisha. Unaweza kuwa na mdomo muzuri kabisa na akili ikawa imeumia." Wengi hawakuona kama ni nafuu.

Sasa niseme lile ambalo wageni walikuwa hawalielewi. Prezida alipika kachasu, pombe kali ya kienyeji. Pumba za mahindi, sukari, pipa, bomba, moto. Aliipika kabla ya komite, na aliendelea kuipika miaka mingi baada ya kuanzisha komite, kwenye ua ule ule wenye viti vitano. Ukimuuliza, hakuona tatizo. "Mi nikiacha, batanunua kwa muntu mwenye hana mdomo." Kwake ulinunua na mahubiri humo humo. Mteja hakupewa chupa mpaka ajibu maswali: nyumbani kuna nani, mke ana mimba, hii ni ya nani? Wanawake wajawazito aliwafukuza na mwiko. Aliwafukuza pia wasio wajawazito. Papa Deo, aliyekuwa na kitambi, aliulizwa mbele ya wateja, "Na hiyo ya kwako, miezi ngapi?"

Lakini kila mara alianza na yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo siri ya kazi yake, na sijaona mtu mwingine akiweza. Alimsogelea mama anayemficha mtoto, akasema kama anavyosema habari za asubuhi: "Mi nilikunywa. Nilikuwa na mimba ya Bahati, na nilikuwa naonja kila pipa. Muntu wa kupika lazima aonje. Hakuna mwenye aliniambia. We nani alikuambia?" Yule mama angesema hakuna. "Basi tuko wawili. Kaa." Ndivyo viti vilivyojaa, kimoja baada ya kingine, mpaka tukawa familia tisa, halafu kumi, halafu kumi na moja ukinihesabu mimi, na mimi nilikuwa sijihesabu.

Mimi nilikuwa nasema kwamba Riziki alianguka akiwa mdogo. Ndilo jibu nililompa kila mtu, hata mwalimu mkuu. Na mwalimu mkuu ndiye aliyenifikisha ukingoni. Alimchapa Riziki mara tatu kwa kutoka darasani bila ruhusa. Mara ya nne Riziki alitoka tena, akampitia mlangoni, akamsalimu kwa heshima, akaenda zake. Mwalimu aliniita. Alikuwa amechoka kuliko kukasirika.

"Dada, huyu mtoto hanidharau. Ningejua kama ananidharau. Ana nini?"

"Alianguka, mwalimu."

"Niletee karatasi ya daktari yenye muhuri, inayosema ana nini. Nitamkalisha mbele, sitamgusa. Bila karatasi, sina namna. Wazazi wengine wanasema ninampendelea. Asirudi."

Hivyo Riziki alikaa nyumbani muhula mzima, na kila asubuhi alivaa sare, kwa sababu kila asubuhi alikuwa amesahau. Nilimvua kila asubuhi. Hilo lilinishinda kuliko mambo ya chumvi na watoto wa watu.

Ndipo Prezida akampata daktari. Alimpataje sijui. Alisafiri Lilongwe mara nyingi na kibali cha kutoka kambini mfukoni, akakaa kwenye mabenchi ya hospitali, na nadhani mwishowe alimwambia mtu fulani "simama." Daktari akakubali kuja siku moja, bila malipo, kupima watoto kumi na kuwaandikia karatasi zenye muhuri. Prezida akaniambia niandae orodha.

Sasa, mtu yeyote aliyeishi Dzaleka anajua orodha ni nini. Watu wanakaa miaka kumi wakingoja jina lao litoke kwenye orodha, wapelekwe nchi ya mbali yenye baridi na mashine za kufulia. Ukionekana na daftari na kalamu, nyuma yako foleni inaanza yenyewe. Mimi nilikosea kitu kimoja tu: niliketi kuandika nje, kwenye mwanga. Papa Deo alipita, akauliza ninaandika nini, nikamwambia ni watoto ambao mama zao walikunywa pombe wakiwa na mimba, daktari anakuja. Papa Deo, mwanachama wa komite, aliyefundishwa kutwa nzima na kuelewa kila kitu, alikwenda kwenye kiti chake cha kinyozi akasimulia. Kufika jua kuzama, kambi nzima ilijua kwamba Kanada inachukua walevi.

Ndiyo sababu asubuhi ile walikuwa zaidi ya mia. Daktari alikuwa ndani ya chumba na mkoba wake. Sisi tulikuwa nje, na Mama Esther wa kwaya alikuwa wa kwanza, na kitabu cha nyimbo kwapani.

"Sekreteri, andika," akasema. "Nilikunywa chupa saba."

"Mama Esther!"

"Saba. Kila siku. Andika kabla roho haijabadilika."

Nyuma yake Mama Zaina wa Kindu, ambaye hata harufu ya kachasu ilimfanya avuke njia, alisogea pia. "Na mimi nilikunywa, Mungu anisamehe."

"Ulikunywa nini, Mama Zaina?"

Alifikiri. "Kilikuwa chekundu."

Papa Deo alijipenyeza mbele na kitambi chake. "Mi pia andika. Nilikunywa."

Prezida akamgeukia. "We? We hauna ata bibi."

"Sasa njo sababu nilikunywa!"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyeondoka. Kila mtu alikuwa na ushahidi wake wa ulevi. Walishindana. Wanawake niliowajua miaka yote hawajaweka kitu mdomoni zaidi ya chai walikuwa wanadai walilala mitaroni. Daktari akachungulia mlangoni, akauliza kwa Kichewa kama kuna msiba.

Prezida hakupiga kelele. Aliingia kwake akatoka na chupa ya kachasu, ile ile ya duara ambayo kambi nzima iliijua, akaweka kikombe kidogo juu ya meza. "Mwenye alikunywa aje anionyeshe namna alikuwa anakunywa."

Mama Esther alikishika kikombe kwa vidole viwili, akakipuliza kama uji wa moto, akaonja kwa ncha ya ulimi, akashukuru kwa Kichewa: "zikomo."

"Kaa kule," Prezida akasema. "Kwaya iko kule."

Mama Zaina alifumba macho, akakisogeza, akakirudisha, akaanza kulia. Prezida akamkumbatia. "Nenda nyumbani, mama. Hauna ulevi wowote. Shukuru."

Wakaja mmoja mmoja, wakapuliza, wakaonja, wakapelekwa upande wa kwaya. Halafu akaja mama mmoja wa komite yetu, mwembamba, kimya, ambaye hakudai chochote. Alichukua kikombe, akakimimina kooni mara moja, akakunja uso, akapiga kifua kwa ngumi, kama wanavyofanya. Kisha akafungua macho kwa mshangao.

"Ni maji!"

"Najua ni maji," Prezida akasema. "Mi niweke kachasu mbele ya daktari, we unafikiri mi ni mjinga? Sekreteri, huyu tunaye. Endelea."

Kufika saa nne orodha ilikuwa imetulia, na wote walikuwa wale wale wa viti vya Jumatano. Prezida akaja, akaweka ukucha kwenye daftari langu, akahesabu mistari. "Kumi. Soma."

Nikasoma. La kumi lilikuwa Bahati.

"Na Riziki?"

"Riziki alianguka."

"Alianguka fasi gani?"

"Kwenye mti."

"Mti gani?"

"Mama, si mti fulani. Mti tu."

"Alianguka mbele ya kuzaliwa ao nyuma?"

Nilifunika daftari kwa kiganja. Aliinama mpaka koti lake likanigusa. Alisema taratibu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tulitaja lile tusilolitaja.

"Mama yako alikuwa muntu muzuri. Alikuwa anacheka vizuri. Baba yenu alipokufwa, akaanza kukutuma chupa. Mi njo nilikuwa nauza. We njo ulikuwa unabeba. Ulikuwa unaficha chini ya vitambaa vya kushona. Sisi wawili tunajua mimba ilikuwa ya miezi ngapi."

"Sitaki waseme mama yangu alikuwa mlevi."

"Nani aseme? Angalia." Akanyoosha kidole upande wa kwaya, ambako Mama Esther alikuwa bado anamweleza jirani kwamba chupa ya nane ndiyo iliyomwangusha. "Leo kila muntu ni mlevi. Hautapata siku nyingine nzuri kama hii. Futa Bahati. Andika Riziki."

Niliweka kalamu chini. "Prezida, hii komite uliianza kwa ajili ya Bahati."

"Bahati ana miaka kumi na tisa. Hana mwalimu anayengoja karatasi. Riziki anavaa uniforme kila asubuhi, kambi yote inamwona. Futa."

"Basi futa mwenyewe."

"Mi sijui kuandika. Njo maana nilikuchukua."

Nikafuta. Nikaandika. Zamu ya Riziki ilipofika nilisimama naye mbele ya daktari, mlango wazi, watu wote wakitusikia, na daktari akauliza kama mama alikunywa wakati wa mimba. Nikasema ndiyo, alikunywa, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Nilingoja ardhi ifunguke. Hakuna aliyegeuka. Nje Papa Deo alikuwa ameomba kikombe cha pili ajaribu tena.

Bahati alikuwa amevaa ile sketi niliyompandishia pindo. Alimshika mama yake koti. "Zamu yangu?"

"Zamu yako baadaye."

Akajipigia makofi. Daktari aliondoka saa kumi jioni na hakupata nafasi ya kurudi tena. Mwalimu mkuu aliisoma karatasi ya Riziki mara mbili, akaubusu muhuri kwa utani, akatimiza neno lake. Riziki alikaa mbele, hakuguswa, akarudia darasa mara nyingi kadiri alivyotaka, akatoka anajua kusoma polepole na kusuka nywele haraka.

Kwa miaka mingi Prezida hakunikumbusha siku ile. Aliacha kachasu Jumatatu moja bila kutangaza, pipa akaligeuza la maji, akahamia Lilongwe, mtaa wa Kawale, kuuza thobwa, kile kinywaji kitamu cha mahindi kisicholevya. Nilisikia kwamba huko nako anawauliza wateja maswali kabla ya kuwapa kikombe, na kwamba hawaelewi kwa nini.

Miaka ilipita. Jumamosi moja, Riziki akiwa msichana mkubwa, nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu nikaona baiskeli mbili za kabaza, zile za kubeba abiria, zinakuja. Ya kwanza imembeba Prezida, amenyooka kama yuko kwenye gari la serikali. Ya pili imembeba Bahati, anaimba, na dereva wake tayari ameshajifunza kiitikio. Prezida alishuka. Alikuwa amekonda, na alishika ukuta kabla ya kunyanyua mguu. Hakuamkia. Aliingia uani akaanza kupima kwa hatua, moja, mbili, tatu, mpaka kwenye bustani yangu ya mboga, akasimama katikati ya mchicha.

"Hapa."

"Karibu, Prezida. Hapa nini?"

"Hapa njo chumba ya Bahati itakuwa. Mulango uangalie kule, hapendi jua ya asubuhi."

"Mama, kaa kwanza. Kunywa maji."

"Nikikaa nitasahau namba." Lakini alikaa. Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kusema. "Moyo wangu umechoka. Dokta wa Lilongwe ameniambia, na alisema maneno mengi kwa mara moja, kwa hiyo nilielewa ni mbaya. Mi siogopi kufwa. Naogopa asubuhi ya kwanza. Bahati ataamka, atatoka njiani, atamfuata muntu wa kwanza mwenye atamuambia twende. Ana miaka ya mama lakini atamfuata." Akaniangalia, machoni safari hii. "Siku ile nilikupa nafasi yake. Sikukuomba kitu. Sasa naomba."

Nilimwambia angeweza kuomba bila kunikumbusha. Akasema anajua, lakini amekuja na kabaza mbili kutoka barabarani na hakutaka kubahatisha.

Riziki alikuwa amesikia. Alikwenda moja kwa moja akalileta blanketi lake mwenyewe, akamfunika nalo Bahati mabegani, akamwambia, "Karibu, hapa ni kwenu." Kisha akaenda kuchota maji. Aliporudi alimwona mgeni uani mwenye blanketi zuri, akafurahi sana, akamwambia, "Karibu, hapa ni kwenu." Mpaka jioni alimkaribisha kama mara sita, na kila mara Bahati alipiga makofi.

"Unaona?" Prezida akasema. "Bataweza."

Kabla ya kupanda kabaza kurudi Kawale na Bahati, aliniapia mbele ya dereva. "Mi sitakufwa mpaka nione mabati juu. Ukimaliza, unitumie habari, nikuje nilale."

Mchicha niling'oa wiki ile ile. Matofali nilifyatua na Amani, tukayakausha, tukapanga msingi. Prezida anatuma salamu kutoka Kawale kwa kila anayekuja, anauliza chumba kimefika wapi. Majirani nao wanauliza, maana mabati ninayo, yamelala chini ya kitanda changu mwaka wa pili huu. Mama Esther alisimama jana akauliza kama nimefilisika.

Nimemwambia bado ninajenga. Ukuta umefika usawa wa dirisha. Kila Jumamosi naongeza tofali moja.